Daktari Livingstone na Vishipa vya Damu

Katika sura iliyopita tulijifunza jinsi moyo unavyosukuma damu, na jinsi damu hiyo ipitavyo katika ateri, kapilari na vena mpaka irudi moyoni. Hatukusema ni kitu gani kiamuacho damu iende wapi kwa wingi na wapi kwa uchache. Jambo hilo tutalisoma sasa katika maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana sana Ujiji, yaani Daktari David Livingstone. Yeye alikuwa mganga na aliwatibu watu wengi, lakini katika sura hii tutamtazama zaidi kama mgonjwa.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipotimiza umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akiunganisha nyuzi zilizokatika katika mashine, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya kazi alikwenda shuleni. Kwa bidii hiyo alifaulu kusoma uganga, akahitimu mwaka 1840, na mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini akiwa mmisionari.

Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba walikuwa wakiua mifugo ya wanakijiji. Livingstone alitoka pamoja na watu kwenda kuwawinda. Alimpiga simba mmoja risasi, lakini kabla hajamaliza kuishindilia tena bunduki yake, mnyama huyo alimrukia, akamkamata karibu na bega la kushoto, akamwangusha na kumtikisa. Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa karibu, alijaribu kumpiga simba kwa bunduki. Simba alimwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe paja, kisha akaanguka na kufa kwa risasi alizokwisha kupigwa. Mfupa wa mkono wa Livingstone ulivunjika, na haukuunga sawasawa maisha yake yote. Miaka 30 baadaye mfupa huo ulitumika kuutambua mwili wake.

Livingstone alieleza baadaye kwamba alipokuwa katika meno ya simba hakusikia maumivu. Sababu ya jambo hilo ni somo la peke yake. Sisi tutazame yaliyotokea katika damu yake. Mtu ashambuliwapo hivyo, hata kabla hajafikiri la kufanya, ubongo wake huwa umekwisha kutuma amri mwilini. Moyo hupiga kwa haraka. Damu hupungua katika ngozi na katika tumbo, ikaenda kwa wingi zaidi kwenye misuli itakayomsaidia kukimbia au kupigana. Ndiyo maana mtu mwenye hofu kubwa hupauka. Sisi wenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huonekana zaidi katika midomo, viganja na ndani ya kope za macho. Tena, ngozi yenye damu kidogo ikiraruliwa hutoka damu kidogo, na hiyo ni faida kwa mtu aliye katika makucha ya simba.

Je, damu hupunguzwaje mahali pamoja na kuongezwa mahali pengine? Ateri kubwa zitokazo moyoni hugawanyika kama matawi ya mwembe, zikawa nyembamba zaidi na zaidi. Kabla hazijawa kapilari huwa vishipa vidogo sana, vingi vikiwa vyembamba kuliko unywele. Kila kishipa cha namna hii kimezungukwa na misuli midogo kama pete. Misuli hiyo ikijikaza, kishipa hujibana. Ikilegea, kishipa hupanuka. Kapilari zenyewe hazina pete hizo.

Wakulima wa mpunga katika bonde la mto Luiche, karibu na Ujiji, wanaifahamu kazi ya namna hiyo. Maji ni yaleyale. Mkulima akiziba mfereji mmoja kwa udongo, maji huenda katika jaruba jingine. Vivyo hivyo mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, nazo haziwezi kujaza vishipa vyote vya mwili kwa wakati mmoja, bali sharti zigawanywe. Tena kujibana kidogo tu kwatosha. Kishipa kikipungua hata kikawa na nusu ya upana wake wa kwanza, damu ipitayo humo haiwi nusu. Kwa nguvu ileile ya kusukuma, hupungua ikawa sehemu 1 tu katika sehemu 16. Wengi hushangaa wakisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza.

Misuli hiyo ya vishipa haijiamrishi yenyewe. Huamrishwa na mishipa ya fahamu. Hapa mwanafunzi awe mwangalifu, kwa kuwa lugha yetu hutumia neno mshipa kwa vitu viwili visivyofanana. Mshipa wa damu una uwazi ndani, nao hupitisha damu. Mshipa wa fahamu ni kama uzi, hauna damu ya kupitisha, bali huchukua habari. Nyuzi za fahamu ziendazo kwenye vishipa hutoka katika uti wa mgongo, nazo hupata amri kutoka sehemu ya chini ya ubongo. Amri hizo hazingoji tufikiri. Huwezi kuviambia vishipa vya vidole vyako vijibane, lakini waweza kuviona vikifanya hivyo.

Jaribu hivi. Chukua mabakuli mawili. Katika moja tia maji ya baridi ya mtungi, katika jingine tia maji ya vuguvugu yasiyounguza. Ingiza mkono mmoja katika kila bakuli, uhesabu dakika 5, kisha uitoe yote pamoja na kuilinganisha. Mkono uliokuwa katika maji ya baridi utakuwa na kiganja kilichopauka, na vena za nyuma ya kiganja zitakuwa zimenywea. Mkono wa pili utakuwa kinyume chake. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hupata jambo hilohilo upepo wa ziwa unapompiga usiku kucha naye amelowa. Vidole vyake huwa baridi, lakini kifua chake kina joto. Mwili umeinyima ngozi damu ili joto lisitoroke nje.

Siri ya amri hizo iligunduliwa wakati Livingstone angali hai, na mmoja wa waliogundua alikuwa wa umri wake. Mwezi wa Julai mwaka huohuo wa 1813 alizaliwa nchini Ufaransa Claude Bernard, mtoto wa wakulima wa mizabibu. Mwaka 1851, mwaka ambao Livingstone aliuona mto Zambezi kwa mara ya kwanza, Bernard alikuwa Paris akiwachunguza sungura. Aliukata mshipa wa fahamu ulio shingoni, upande mmoja tu. Alitazamia kuwa sikio la upande ule litapoa. Badala yake likapata joto, na vishipa vyake vikajaa damu. Mwaka 1852 mtaalamu mwingine, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi katika bahari hii yetu ya Hindi, aliusisimua kwa umeme mshipa uliokwisha kukatwa. Vishipa vya sikio vikajibana, sikio likapoa. Basi ikajulikana kwamba mshipa ule wa fahamu ulikuwa ukivikaza vishipa wakati wote, na ulipokatwa vilikosa amri vikalegea. Bernard alitazamia jambo moja, akaona kinyume chake, wala hakuyaficha aliyoyaona. Kwa sababu hiyo jina lake limo katika vitabu mpaka leo.

Turudi kwa Livingstone. Kati ya mwaka 1853 na 1856 alisafiri toka katikati ya kusini ya Afrika mpaka Luanda upande wa magharibi, kisha akavuka bara hadi pwani ya mashariki. Njiani aliugua homa mara nyingi mno. Homa hiyo ndiyo malaria. Mwaka 1862 homa ilimwua mke wake, Mary, huko Shupanga karibu na mto Zambezi. Livingstone hakujua kwamba malaria huletwa na mbu. Vijidudu vya malaria vilionekana katika damu kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na habari ya mbu ilithibitishwa mwaka 1897, naye wakati huo alikwisha kufa zamani. Lakini alijua dawa. Alitengeneza vidonge vya kwinini iliyochanganywa na dawa za kuendesha, naye hakupenda kusafiri bila vidonge hivyo.

Yafaa tuieleze homa hiyo, maana hapana mwanafunzi wa mkoa wa Kigoma ambaye hajaiona. Mgonjwa hutetemeka, meno yakagongana, akaomba blanketi la pili na la tatu. Ukimwekea kipimajoto utaona joto lake ni nyuzi 39 za Sentigredi, nalo lapanda. Mtu mzima wa afya huwa na nyuzi 37 hivi. Basi yeye ana joto kupita sisi, naye hulia baridi. Je, anadanganya? La, hadanganyi.

Vijidudu vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua. Chembe zipasukapo hutoa uchafu ambao huwaamsha walinzi wa mwili. Walinzi hao hupeleka habari katika sehemu ya ubongo ipimayo joto. Ubongo hupandisha kiwango chake, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi nyuzi 40. Tangu hapo nyuzi 37 zaonekana kwa ubongo kuwa ni baridi. Mishipa ya fahamu hupewa amri, vishipa vya ngozi hujibana, na joto hufungiwa ndani. Misuli nayo huamriwa itetemeke, kwa kuwa kutetemeka huzaa joto. Ngozi hupoa kwa kukosa damu, na mgonjwa husikia baridi ya kweli ingawa ndani yake kunawaka. Joto likifika pale ubongo ulipotaka, tetemeko huisha. Baadaye kiwango hushushwa, vishipa vya ngozi hufunguka, damu huja juu, jasho hutoka, na mgonjwa hutupa mablanketi aliyoyaomba. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo, akapimwe damu na kupewa dawa, hata kama jasho limekwisha kumtoka na yeye mwenyewe anasema amepona.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho. Alitoka Zanzibar, akaingia bara kwa njia ya mto Ruvuma, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili wa msafara walitoroka na baadhi ya mizigo. Katika mizigo hiyo mlikuwamo sanduku la dawa. Kwinini yote ikapotea. Livingstone, ambaye alikuwa mganga, alielewa vizuri kuliko mtu yeyote katika msafara maana ya hasara hiyo. Aliona kama amehukumiwa kufa. Hata hivyo alisonga mbele.

Mwezi wa Aprili 1867 alifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa huko waliliita ziwa Liemba, na ndilo jina la meli kongwe ijulikanayo na kila mtu wa Kigoma. Huko, kando ya ziwa letu, homa ilimshika bila dawa. Siku moja alizimia. Alipopata fahamu kidogo alijikuta yuko nje ya kibanda chake, hawezi kuingia ndani. Alishika nguzo mbili za mlango, akajivuta ili asimame. Alipokaribia kusimama wima, mikono ilimwachia, akaanguka chali na kichwa kikapiga juu ya sanduku. Vijana wake walipomwona katika hali hiyo walitundika blanketi mlangoni, mtu mgeni asije akauona unyonge wake. Saa kadhaa zilipita kabla hajatambua yuko wapi.

Kwa nini alianguka wakati alipokaribia kusimama, wala si alipokuwa amelala? Kila tuinukapo, damu kiasi cha nusu lita au zaidi hutaka kushuka miguuni na tumboni, kama maji yashukavyo katika kiriba kilichosimamishwa. Ikishuka yote, ubongo hukosa damu. Lakini katika ateri za shingo, chini kidogo ya taya, na katika ateri kubwa iliyo juu ya moyo, kuna nyuzi za fahamu zipimazo nguvu ya damu. Nguvu ikipungua hata kidogo, nyuzi hizo huupasha ubongo habari. Ubongo huviamuru vishipa vya miguu na tumbo vijibane, na moyo uongeze mapigo. Hayo yote hufanyika katika muda wa sekunde chache. Umefanya hivyo leo asubuhi ulipotoka kitandani, wala hukujua.

Kwa mgonjwa wa homa kali mambo huharibika. Maji ya mwili yamepungua kwa jasho, chembe nyekundu zimepungua, na joto limevilegeza vishipa vya ngozi. Amri ya kujibana huja, lakini haitoshi. Hatuwezi kumpima leo mtu aliyekufa zamani, lakini anguko lake huko Liemba lafanana sana na hali hiyo. Na ikiwa ndivyo, kuanguka kwenyewe kulimfaa, maana mtu akilala chini damu hurudi kichwani bila kupanda mlima. Ndiyo sababu aliyezimia hulazwa chini na kuinuliwa miguu, wala hashikiliwi asimame.

Livingstone hakufa huko. Mwanzoni mwa mwaka 1869, magharibi ya ziwa, aliugua kichomi hata akakohoa damu. Mfanyabiashara Muhammad Bogharib alimpa dawa na kuagiza abebwe katika machela hadi ziwani, naye akavushwa kwa mtumbwi. Tarehe 14 Machi 1869 aliingia Ujiji. Dawa alizoagiza hazikuwapo, kwani zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora. Nguo nyingi alizoletewa zilikuwa zimeibwa. Alichopata ni chai na nguo za flana. Alivaa flana mwilini, naye alisema ilimfaa sana. Kisayansi alisema kweli. Ngozi ikifunikwa vizuri haipotezi joto, vishipa havilazimiki kujibana mno, na mwili uliokonda hautumii nguvu zake kwa kutetemeka.

Akavuka tena ziwa kwenda Manyema. Huko, mwezi wa Julai 1871, aliona wafanyabiashara ya watumwa wakiwaua watu wengi sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba, amekonda sana na ana huzuni, akakuta mali yake yote imeuzwa. Siku chache baadaye Henry Stanley alifika kutoka pwani na chakula, nguo na dawa. Vitabu vingi husema Stanley alimpata Livingstone aliyepotea. Ukweli ni kwamba watu wa Ujiji walijua siku zote mahali alipo. Pamoja walisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Njiani Stanley alishikwa na homa, na safari hii mganga ndiye aliyeuguza.

Stanley alimsihi warudi Ulaya, naye akakataa. Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone aliondoka karibu na Tabora kuelekea ziwa Bangweulu. Tumbo lilimsumbua, naye alikuwa akitokwa na damu nyingi matumboni. Hapa tunaona mwisho wa uwezo wa vishipa. Mtu akipoteza damu kidogo kidogo, vishipa vya ngozi na vya tumbo hujibana, na damu iliyobaki hutunzwa kwa ajili ya moyo na ubongo. Mikono na miguu yake huwa baridi, mapigo ya moyo huwa ya haraka na dhaifu. Mtu huyo aweza kuzungumza na hata kusafiri, na watazamaji wakadhani ana nafuu. Lakini kujibana hakuumbi damu mpya. Damu ikizidi kupotea, vishipa vyenyewe huchoka na kulegea.

Mwezi wa Aprili 1873 hakuweza tena kutembea. Watu wake walimtengenezea machela, wakambeba katika maji ya vinamasi hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873 alikufa. Susi, Chuma na wenzao walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Waliamua kumrudisha pwani. Farijala, ambaye alipata kumtumikia daktari mmoja huko Zanzibar na kujifunza kwake, aliupasua mwili. Katika upande wa kushoto wa tumbo alikuta donge kubwa la damu iliyoganda. Waliukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu muda wa miezi 9 hivi, wakapitia Unyanyembe, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Mwili ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Moyo wake haukwenda. Waliuzika Chitambo, chini ya mti uitwao mpundu.